Waandishi wa Ukoo, Turudi Darasani

Ndugu waandishi wenzangu, leo nimekuja kugombana, tena na watu ninaokula nao sahani moja. Najua mtaninunia. Nuneni, ila mnisome mpaka mwisho.

Kalamu mjini hailipi. Shairi halilipi, hadithi fupi ndo usiseme. Kwa hiyo wengi wetu tunaganga njaa kwa kuandika wasifu wa marehemu wa kusomwa msibani, na mwenye bahati anapata dili kubwa zaidi: kitabu cha ukoo. Familia inachanga, inakuita, wazee wanasimulia, wewe unarekodi, unapiga chapa, unachora ule mti wenye matawi, unatoa nakala hamsini, unalipwa chako. Ukishamaliza vitabu viwili unajiita mtaalamu wa nasaba. Nani atakubishia? Hakuna mtihani, hakuna mkaguzi, na waliokufa hawaji kulalamika.

Mimi nasema sisi ni makanjanja. Na kanjanja namba moja ni mimi, kwa hiyo nianze na madhambi yangu.

Mwaka 2014 niliandika kitabu cha ukoo mmoja wa upande wa Tanga. Nilikaa na wazee jioni mbili, kahawa na kashata, maneno matamu. Nikauliza habari za kaka mmoja kati ya wale ndugu wa zamani. Mzee akajibu, "Ah, yule hakuacha mtu." Nami, kwa Kiswahili changu safi cha shuleni, nikaandika: "Hakujaliwa kupata mtoto." Nikahamia tawi lingine.

Miaka miwili baadaye mama mmoja alinitafuta hadi kijiweni kwetu, Dar es Salaam. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Akatoa kitabu changu ndani ya mfuko wa nailoni, akafungua ukurasa wa tisa, akaweka kidole. Akasema taratibu, "Mwanangu, mimi ndiye yule ambaye hakuzaliwa."

Kumbe mzee alimaanisha kwamba marehemu hakuacha mtoto wa kiume wa kubeba jina. Binti alimwacha, na binti mwenyewe ndiye huyo aliyekaa mbele yangu. Mimi sikuuliza. Na kitabu kilikuwa kimeshafika kwenye kikao cha ukoo, wakati wa kugawa shamba la minazi la babu yao. Binamu zake walikuwa wamekinyanyua juu: si mnaona, imeandikwa! Jamani, kitu kilichopigwa chapa kina nguvu kuliko mtu mzima aliyekaa mkekani anapumua.

Nilisafiri, nikasimama kikaoni, nikakiri kosa. Walinisikiliza, mgao ukaanza kuzungumzwa upya. Lakini mzee mmoja akaniuliza, "Sasa kijana, na hayo mengine uliyoandika humu, tuyaamini vipi?" Sikuwa na jibu. Kipaji cha kuandika nilikuwa nacho, jibu sikuwa nalo.

Nikisema turudi darasani, naambiwa kazi hii haina shule, eti wazee ndo maktaba, wewe chota tu. Wazee wenyewe hawakuiona hivyo. Katika ufalme wa Rwanda, uliofutwa mwaka 1961, walikuwepo watu maalumu walioitwa abacurabwenge. Kazi yao ilikuwa kutunza na kukariri orodha ya wafalme, pamoja na mama zao na koo walikotoka mama hao. Haikuwa kazi ya kila mwenye mvi. Na angalieni hilo la mama zao. Watu waliotunza kwa kichwa waliwakumbuka akina mama. Mimi mwenye kompyuta nikamsahau binti.

Mwaka 1976 Mmarekani Alex Haley alitoa kitabu chake Roots, akifuata ukoo wake hadi kwa Kunta Kinte wa kijiji cha Juffure, Gambia. Mzee wa huko ndiye aliyemsimulia, na dunia ikalia. Mwaka 1981 mwanahistoria Donald Wright, ambaye naye alikuwa amekusanya masimulizi huko huko Gambia, akaandika kwamba yule mzee hakuwa msimulizi wa nasaba aliyefunzwa kazi hiyo, na kwamba watu walikuwa wanajua mapema mgeni anatafuta nini. Si lazima mzee awe mwongo. Mgeni ukishaonyesha unachokitamani, utakaribishwa kwa hicho hicho. Sasa nani kati yetu amewahi kufundishwa namna ya kuuliza swali bila kulibeba jibu mkononi?

Wengine wananijibu kwa majivuno zaidi: sisi tumeshasoma. Una digrii, au ulihudhuria semina ya siku mbili ukapewa cheti chenye muhuri, basi, yamekwisha. Hapa pia najisema. Mimi chuoni nilifundishwa kwamba madai ya asili ya Kishirazi kwenye pwani yetu ni hadithi tu za watu waliotafuta heshima. Nikameza. Nikawa nawasahihisha wazee kwa sauti ya mwalimu.

Machi 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kati ya miaka 1250 na 1800. Ikaonekana kwamba kuanzia mnamo mwaka 1000 damu za Afrika na Asia zilichanganyika, na kwamba ile ya Asia kwa sehemu kubwa ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Kumbe wazee niliowacheka walikuwa na chao! Lakini utafiti huo huo ulionyesha kuwa kwa wengi wa watu hao, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, na hiyo ilipitia hasa kwa akina mama. Akina mama hao hawamo kwenye shajara za fulani bin fulani bin fulani. Basi aliyesema yote ni hadithi alikosea, na aliyesema sisi ni Waajemi watupu naye alikosea. Cheti changu hakikubadilika hata herufi, elimu ndiyo iliyobadilika. Na asiyesoma atakuja na kosa jipya: kudhani DNA ya makaburini itamwambia babu yake ni nani. Haisemi hivyo.

Wenzetu Marekani wana bodi ya kuthibitisha wataalamu wa nasaba tangu mwaka 1964. Cheti chake kinadumu miaka mitano tu. Ikiisha unapeleka kazi yako ikaguliwe tena, hata kama una mvi na vitabu kumi. Mwaka 2019 kanuni zao zilizochapishwa upya ziliongezewa sehemu ya DNA, na wakongwe ikabidi wakae chini wajifunze. Sisemi tuwaige kwa ada na makaratasi. Nasema nidhamu ile ya kukubali kwamba ulichokijua juzi huenda leo hakitoshi, hiyo tuichukue.

Maana ya kujifunza ni mengi. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo miaka 33 ya Hijria ni takriban 32 ya kawaida. Ukiichanganya utamfanya mtoto azaliwe baada ya baba yake kufa. Barua za ukoo zimo kabatini kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Unazisoma, au unazipiga picha za mapambo? Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka pale Dar ina mafaili ya enzi za Mjerumani. Nani ameshika hata mwandiko wao? Kisha lipo lile zito. Utumwa ulifutwa Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Wapo watu ambao jina la ukoo walilonalo leo lilitoka kwa bwana aliyemmiliki bibi yao. Ukiligundua hilo utaliandika? Utamwuliza nani kwanza? Hilo halimo kwenye kipaji, bwana. Linataka kufundishwa, kujadiliwa na kurudiwa.

Tusingojee chuo kikuu kituanzishie kozi. Jumamosi moja kila mwezi tukutane. Kila mtu alete ukurasa mmoja wa kazi yake, na kila jina lililomo liseme limetoka kwa nani, lini, na huyo aliyesema alijuaje. Mwenzako aushambulie ukurasa huo kama adui. Anayesoma herufi za Kiarabu awafundishe wasiojua, na karani wa mahakama ya mwanzo tumwombe aje atueleze muhtasari wa kikao cha ukoo unavyotumika kwenye mirathi. Kisha kila baada ya miaka mitano ukifungue upya kitabu ulicholipwa, utoe masahihisho kwa gharama yako, uwapelekee wenyewe. Asiyetaka aandike riwaya. Huko kuua watu kunaruhusiwa.

Mimi nimeshaanza na kile cha 2014. Ukurasa wa tisa nimeshausahihisha, na yule mama jina lake sasa limo, pamoja na la mama yake na la bibi yake. Nimefika ukurasa wa 23. Mpaka hapo nina majina saba ambayo siwezi kukumbuka nani aliniambia. Jumamosi nakuja nacho. Njooni na vyenu, na kalamu nyekundu.