Nani Anaruhusiwa Kulia kwa Lugha Yake?

Mwaka jana, katika jioni ya utamaduni ya wanafunzi, mwenzetu mmoja alicheza nafasi ya mama aliyefiwa. Alipopiga magoti na kusema "Mutoto yangu alikufa", ukumbi mzima uliangua kicheko. Alicheza vizuri. Kilichotuchekesha ni ile "mutoto yangu", jinsi tunavyosema sote nyumbani hapa Lubumbashi, badala ya "mtoto wangu" ya vitabuni. Nami nilicheka. Nilirudi nyumbani na aibu, na tangu siku hiyo najiuliza: kwa nini lugha yetu ya nyumbani tunaipokea ikichekesha, lakini ikilia hatuiamini?

Swali hilo lilinirudia niliposoma habari za waimbaji wa kike wa Broadway, New York, miaka mia moja iliyopita. Kiingereza kina msemo wa kubeba mwenge kwa ajili ya mtu, yaani kuendelea kumpenda asiyekupenda. Kutokana na msemo huo, nyimbo za mapenzi yenye uchungu ziliitwa nyimbo za mwenge. Ziliimbwa katika klabu za usiku na katika rivyu, yaani maonyesho yaliyochanganya nyimbo, ngoma na vichekesho bila kufuata hadithi moja.

Chukueni mfano wa Fanny Brice. Alizaliwa New York mwaka 1891 katika familia ya Wayahudi, akajipatia jina kwa kuchekesha. Aliimba Kiingereza kwa lafudhi ya wahamiaji waliosema Kiyidi, na watu walicheka mpaka machozi. Mwaka 1921, katika rivyu ya Ziegfeld Follies, alipewa wimbo wa huzuni, "My Man", unaohusu mwanamke anayemng'ang'ania mwanaume anayemtesa. Watazamaji walijua kwamba mume wake mwenyewe, Nicky Arnstein, alikuwa na kesi ya hati fungani zilizoibwa. Magazeti yalikuwa yameandika sana. Safari hii Brice aliweka lafudhi pembeni. Aliimba kwa Kiingereza kisicho na alama ya mtaa wake, na wimbo huo ukawa wake maisha yote.

Sisi tunaosoma kwa Kifaransa tunaweza kuona jambo la pili. "My Man" ni tafsiri ya "Mon Homme", wimbo ambao Mistinguett aliuimba Paris mwaka 1920. Maneno ya Kifaransa ni ya mitaani kabisa: vitenzi vya kihuni, silabi zinazomezwa, sauti ya mwanamke wa kawaida wa Paris. Yalipovuka bahari yalioshwa. Kwa hiyo wimbo ulisafishwa mara mbili, kwanza na mfasiri, kisha na mwimbaji. Somo lililobaki kwa watazamaji ni kwamba lafudhi ni ya kuchekea, na huzuni inataka lugha safi.

Baadaye mambo yakageuka kwa namna ya ajabu. Mwaka 1929, katika The Little Show, Libby Holman aliimba "Moanin' Low" kwa sauti nzito, katika igizo lililowekwa Harlem, mtaa wa watu weusi. Holman alikuwa mzungu. Basi sauti ya Harlem iliruhusiwa kulia Broadway, lakini kupitia kinywa cha mgeni.

Ndiyo maana kwangu mwaka 1933 ni mwaka mkubwa. Irving Berlin alimsikia Ethel Waters, mwimbaji mweusi, akiimba Cotton Club, akamwingiza katika rivyu ya As Thousands Cheer pamoja na nyota wazungu. Kila kipande cha rivyu hiyo kilitanguliwa na kichwa cha habari cha gazeti. Kimojawapo kilitangaza kwamba mtu mweusi asiyejulikana ameuawa na umati. Kisha Waters akaimba "Supper Time": mwanamke anaandaa chakula cha jioni, watoto wanasubiri, naye hajui atawaambiaje kwamba baba yao harudi tena.

Kwa umbo, huo ni wimbo wa mwenge: mwanamke peke yake, na mwanaume asiyekuja. Lakini huyu hakumkimbia mke wake; ameuawa. Waters alilijaza umbo la zamani msiba wa watu wake, mbele ya watu waliokuja kuburudika. Tena hakuiosha lugha. Maneno ya wimbo yana sarufi ya mazungumzo ya Wamarekani weusi, hata ule ukanushi maradufu ambao walimu wa Kiingereza huufuta kwa wino mwekundu. Jioni hiyohiyo aliimba pia "Heat Wave", wimbo wa kuchangamsha. Kinywa kilekile kilichekesha na kikaomboleza, na watu walikiamini mara zote mbili. Onyesho hilo lilirudiwa mara 400.

Mtu anaweza kunipinga kwamba maneno hayo yaliandikwa na Berlin, mhamiaji mzungu aliyezaliwa Urusi. Ni kweli, na wengi waliowahi kuandika lugha ya watu weusi kwa ajili ya jukwaa waliiandika ili ichekwe. Hapo ndipo naona tofauti. Sarufi ileile iliyotumika kudharau, Waters aliibeba kwa uzito mpaka hakuna aliyethubutu kucheka. Heshima ya lugha aliileta msemaji.

Sisemi tuache Kiswahili sanifu. Nakisoma, nakipenda, na makala haya nimeyaandika kwa hicho. Lakini sisi wanafunzi wa lugha tunajifunza darasani kwamba kila namna ya kusema ina kanuni zake, halafu jioni tunamcheka mama anayemlilia mtoto wake kwa kanuni hizohizo. Elimu yetu inaishia mlangoni mwa darasa.

Nimemwomba mwenzetu acheze tena igizo lile mwaka huu. Amesema atafikiri. Akikubali, asibadilishe neno hata moja. Sisi ndio wenye kazi ya kujifunza kusikiliza.