Jiko Jipya Halina Kosa, Tazama Ndani Yake



Kazi yangu ni ya kalamu, si ya jembe, lakini mara kwa mara hutumwa katika skimu kupeleka barua na fomu. Nikiwa huko huona mambo ambayo sikutumwa kuyaona. Moja ni hili: nyuma ya nyumba nyingi pana chungu cha jiko jipya la kuni, kimetupwa majanini. Katika boma moja kuku alikuwa anaatamia mayai ndani yake. Nikauliza sababu, nikajibiwa, "Bwana Karani, jiko hilo ni bovu. Linakula kuni sawa na mawe matatu, na moshi ni ule ule."

Nikaomba ruhusa niingie jikoni nitazame mahali lilipokuwa limejengwa. Udongo ulikuwa ungalipo, na kazi ya fundi ilionekana wazi. Basi nasema, hata kama nitawaudhi wengine: jiko lile halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kulipanga ndani. Tena lilikuwa kosa la mwenye boma, maana alimlipa fundi akaenda zake, asimwite yule anayepika.

Jiko ninalolisema ni lile liitwalo Maendeleo, na wengine huliita Upesi. Lilianza kuenea katika Kenya miaka ya 1980. Ni chungu cha udongo uliochomwa, chenye mdomo mmoja wa kutilia kuni, na mafiga matatu mafupi katika ukingo wa juu. Chungu hiki hujengewa kwa mawe na udongo, kisiguswe wala kugongwa. Kazi yake ni kuukusanya moto chini ya sufuria, usipeperuke huku na huku kama katika mawe matatu.

Sasa tazama mafiga hayo. Ni madogo, na mtu asiyejua hudhani ni urembo wa mfinyanzi. Lakini sufuria ikikaa juu yake, hubaki nafasi nyembamba kati ya sufuria na ukingo, kama upana wa kidole kidogo. Hapo ndipo moto hupita kwenda juu, ukiilamba sufuria ubavuni. Fundi apendaye kazi yenye kung'aa hupandisha udongo mpaka juu ya ukingo, akaulainisha kama ukuta wa sebule, na mafiga yakafunikwa. Siku ya kupika sufuria hukaa juu ya udongo, njia imezibwa, na moto hauna pa kutokea ila mdomoni, pamoja na moshi, mpaka katika macho ya mama. Atasema nini, ila kwamba jiko ni bovu?

Mwingine hukosa kwa upande wa pili. Huacha nafasi kubwa sana, na joto lote hukimbilia kwenye paa.

Kwa hiyo siku ya kujenga, sufuria yenyewe iwepo jikoni, ile ya kila siku, si sufuria ya kuazima. Mama wa nyumba aiweke juu ya mafiga mwenyewe, aizungushe, aonyeshe akono wake unapopita akisonga ugali. Kisha tia maji kidogo ndani ya sufuria. Yakienda upande mmoja, chungu kimelala. Kiinue kabla udongo haujashika. Hiyo ni pima maji isiyonunuliwa dukani.

Nasema haya kwa kuwa nilikosa mimi mwenyewe. Nilijenga langu siku ya Jumamosi, mke wangu akiwa sokoni, nikitaka kumshangaza. Aliporudi alileta sufuria yake ya githeri, ikakataa kukaa. Nilibomoa nikaanza tena. Na baada ya hapo nikaongeza kosa la pili: siku ya tatu, udongo ungali mbichi, nikawasha moto mkubwa. Tulisikia "ta!", na ufa ukatoka mdomoni mpaka ukingoni. Mimi nilisomea ualimu, na nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba maji yakipata moto hugeuka mvuke, na mvuke hutaka nafasi. Njaa haikulikumbuka somo hilo.

Kiloweshe chungu kabla ya kukijengea, ili udongo ukishike. Kazi ikiisha, ifunike kwa gunia bichi siku za kwanza, ikauke polepole. Ngoja majuma mawili. Kwetu Kinangop, katika ukungu wa Julai, ngoja zaidi. Moto wa kwanza uwe wa vijiti tu, na wa pili vivyo hivyo.

Najua akina mama wengine watanijibu kwamba mawe matatu hupasha nyumba joto usiku, na hupokea gogo zima bila shoka. Ni kweli, wala sibishi. Jiko hili hutaka kuni zilizopasuliwa na kukauka, mbili au tatu kwa wakati mmoja, na hewa ipite chini yake. Ukiujaza mdomo wake, umeunyonga moto. Hapo mwanamume asiseme mambo ya jikoni si yake, maana shoka ni lake.

Wala nisiwadanganye juu ya moshi. Jiko hili halina bomba, kwa hiyo moshi hupungua lakini hauishi. Dirisha ni lazima. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka wa 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 ulimwenguni. Aketiye karibu na mdomo wa jiko kuliko wote ni mama, na mtoto aliye mgongoni mwake.

Wazee wetu walipoingia katika skimu za ekari milioni moja, kuanzia 1962, wengi walikuta miwati ya kutosha. Tangu hapo mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu, na mwenye ekari mbili hawezi kupanda msitu juu ya viazi vyake. Kila kuni iliyopotea kwa sababu ya mafiga yaliyofunikwa ni kuni iliyonunuliwa au kubebwa mgongoni.

Basi kama chungu chako kingali nyuma ya nyumba, kigonge kidogo kwa kidole. Kikilia vizuri, hakina ufa. Mwache kuku amalize kuangua, kisha kioshe, ukilete ndani, umwite mama na sufuria yake kubwa.