Hakuna Mchina Anakuja Kuchukua Bandari. Shida Iko kwa Karatasi

Wasee, tuanze na ile story imezunguka tangu niwe kidato cha kwanza: ati tukishindwa kulipa deni la reli, Mchina anakuja kuchukua bandari ya Mombasa. Nimeisikia kwa matatu, nimeisikia kwa kinyozi, nimeisikia hata kwa mwalimu wa historia. Kila mtu akiisimulia anashusha sauti kidogo, kama ni siri anakuambia wewe peke yako. Na mimi niliiamini kabisa, mpaka nikakaa chini nikasoma zile karatasi zenyewe. Kumbe kilichoandikwa kinaboesha kuliko hiyo story, na ndiyo maana hakuna mtu anakiongelea.

Kilichonifanya nisome ni binamu yangu. Oktoba 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, alitangaza kwamba mikopo ya reli ya SGR, iliyokuwa ya dola, imebadilishwa kuwa ya yuan, pesa ya China. Akasema tutaokoa kama dola milioni 215 kila mwaka. Kwa shilingi hiyo ni bilioni 27 na kitu. Nikashangilia. Binamu yangu, yuko kidato cha tatu, akaniuliza tu: "Sasa hizo yuan tutazitoa wapi?" Mimi huyu wa kuelezea watu siasa kila wiki, nikameza mate.

Basi twende polepole. 2014, mimi nikiwa darasa la nne, Kenya ilikubaliana na China kujenga reli mpya kutoka Mombasa hadi Nairobi. Gharama: shilingi bilioni 327. Asilimia 90 ya hiyo ilitoka kwa benki ya serikali ya China inaitwa Exim. Haukuwa mkopo mmoja. Kulikuwa na ule wa bei ya ndugu, riba ya asilimia 2, wa kulipwa miaka 20. Halafu kulikuwa na mwingine wa kibiashara, wa muda mfupi zaidi, riba yake inapanda na kushuka pamoja na soko la dola. Baadaye tukaongeza wa tatu wa kufikisha reli Naivasha. Hesabu nyepesi: ule wa miaka 20 unaisha mimi nikiwa na miaka thelathini. Walioweka sahihi watakuwa wanakula pensheni.

Ubaya wa kukopa dola uko hivi. Tuseme 2014 nimekukopesha dola 100. Dola ilikuwa kama shilingi 87, kwa hivyo uliingia nyumbani na 8,700. Januari 2024 dola ilikuwa imefika karibu 160. Hujaongeza kukopa hata ndururu, lakini deni lako kwa shilingi sasa ni 16,000. Hujanunua viatu, hujapeleka mtu out. Umelala tu, deni likakua.

Na hiyo riba ya soko ndiyo noma zaidi. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023, benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sufuri hadi zaidi ya asilimia 5, kwa sababu bei za vitu zilikuwa zimepanda huko kwao. Yaani mzee fulani Washington anahangaika na bei ya mayai ya mtaa wake, na wewe wa Umoja unaongezewa deni la reli uliyopanda mara moja ukienda Diani na wasee.

Ndiyo maana kuhamia yuan si ujinga. Riba ya China iko chini kwa sasa, na Hazina ikisema tunaokoa, hapo siwezi kubishana nayo sana. Lakini swali la binamu yangu linabaki pale pale. Yuan tunazipata tukiuzia China vitu: chai, kahawa, avokado, ambazo wametufungulia soko za kupeleka mbichi tangu 2022. Shida ni kwamba tunanunua kutoka kwao vitu vingi sana kuliko tunavyowauzia. Angalia tu hiyo chaja yako, na kava ya simu, na viatu. Pengo hilo linamaanisha bado kuna siku tutatoa dola mfukoni kununua yuan ndiyo tulipe. Hatari haijaisha, imebadilisha jina.

Sasa, bandari.

Kwa miaka serikali ilikataa kuonyesha mikataba ya reli. Mkataba wenyewe ulisema masharti yawe siri, yasitolewe bila ruhusa ya maandishi ya benki. Fikiria hiyo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 35, inasema kila raia ana haki ya kupata habari zilizo na serikali, tena inasema serikali lazima itangaze habari yoyote muhimu inayogusa taifa. Miaka minne baadaye tukaenda kuahidi benki ya nje kwamba hatutaambia wenye nchi. Wanaharakati walienda kortini, na Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru serikali itoe mikataba. Novemba mwaka huo aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akatoa ile mikataba ya mikopo.

Hapo ndipo unaona kwamba mzozo ukitokea, sheria inayotumika ni ya China na kesi inasikizwa Beijing. Hiyo inauma. Lakini kipande kinachohusu bandari kiko kwa mkataba mwingine, wa 2014, kati ya mashirika yetu wenyewe: Halmashauri ya Bandari na Shirika la Reli. Wacha niielezee kwa mtaa. Kaka yako anataka kukopa anunue matatu. Mwenye pesa anamuuliza, abiria utawatoa wapi? Kaka yako anasema usijali, mathee ameweka sahihi kwamba atahakikisha watu wanapanda, na kiti kikienda bure, mathee analipa. Bandari ndiyo mathee. Iliahidi kupeleka kiasi fulani cha mizigo kwa treni kila mwaka, na mizigo ikipungua, ilipe pengo.

Kwa hivyo hakuna haja ya mtu kuja na meli ya kivita kuchukua bandari. Bandari ilishaambiwa mteja wake ni nani.

Na hapo sheria ya watu wakubwa ikashuka hadi barabarani. Agosti 2019 ilitoka notisi kwamba mizigo yote ya kutoka Mombasa kuja huku bara isafirishwe kwa treni. Watu wa Mombasa wakawa wanaandamana Jumatatu kwa Jumatatu. Wenye malori, madereva, mataniboi, wenye yadi za kontena, wote wakaona kazi inapanda treni inaenda. Notisi ikasimamishwa ndani ya siku chache, kesi zikaendelea, na mwishowe Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais Ruto akaagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Miaka mitatu hivi ya vuta nikuvute. Ukiniuliza mzizi wake, nitakuambia urudi kwa ile sahihi ya mathee.

Hii maneno naijua kwa sababu nimelelewa Mtito Andei. Kwa wale mnaopita tu na basi usiku, Mtito ni katikati ya Nairobi na Mombasa, pale dereva anasimama dakika ishirini mnakimbilia choo na chipsi. Mama yangu alikuwa na kibanda hapo. Chapati madondo, ugali matumbo, chai ya maziwa kutoka saa kumi za alfajiri. Wateja wake walikuwa watu wa malori. Walikuwa wanamwita "Mama Chapo" na kila mmoja alikuwa na deni kwa daftari yake, na wote walikuwa wanalipa wakirudi. Nilisomeshwa na hilo daftari, sisemi mzaha.

Sitaki kudanganya mtu: sisemi reli ndiyo ilifunga kibanda. Goti la mathee lilikuwa limeanza kusumbua, unga ulipanda, halafu corona ikaja. Biashara haifi kwa sababu moja. Lakini nakumbuka jioni moja nikiwa likizo, tumekaa nje, treni ya mizigo ikapita kule nyuma, ndefu, kontena juu ya kontena. Mathee akaanza kuhesabu kwa sauti. Alifika themanini na kitu akachoka. Akasema tu, "Haya basi, hao wote hawatakula leo." Akaingia ndani kufunika unga.

Na bado mimi naipenda hiyo treni, wacha niseme ukweli. Nauli ilipanda kutoka 1,000 hadi 1,500 Januari 2024 na bado watu wanagombania tiketi. Unapita Tsavo, unaona ndovu wamejaa vumbi jekundu, unalala, unaamka umefika Miritini. Mathee mwenyewe amepanda mara mbili na akapiga picha na kila kitu. Mtu asiniletee maneno ati niko kinyume na maendeleo. Kitu nataka ni kwamba kabla ya sahihi, mtu angekuja Mtito, na Mariakani, na Voi, na Emali, aseme: mpango ni huu, mizigo hii itatoka barabarani, nyinyi mtasaidiwa hivi ama hamtasaidiwa. Watu wangejipanga. Wengine wangehamia karibu na stesheni mapema. Walijua lini? Walijua wakiona kontena zikipita.

Kuna wale watasema basi shida ni China, turudi kwa Wazungu. Boss, tulia. Februari 2024 tulikopa dola bilioni 1.5 kwa soko la kimataifa, hao wawekezaji wa suti, kwa riba ya asilimia 9.75, ndiyo tulipe mkopo mwingine wa soko hilo hilo uliokuwa unaiva Juni. Linganisha na ile asilimia 2. Kila mtu ananyonya kwa mrija wake. Na hii yetu ya kuchezea pande zote inaanza kuwa ngumu: Juni 2024 Marekani ilitupa hadhi ya mshirika wake mkubwa nje ya NATO, Aprili 2025 Rais akawa Beijing akiongea kuhusu kujenga mpangilio mpya wa dunia pamoja na China, na kule Washington seneta mmoja akataka ile hadhi yetu ichunguzwe upya. Nchi ndogo inaweza kucheza hivyo, sioni aibu. Lakini anayecheza karata na watu wawili kwa pesa za nyumbani, walau wa nyumbani waone karata.

Kwa nini nasema haya sasa na si kama historia? Kwa sababu reli inaendelea. Mpango ni itoke Naivasha, ifike Kisumu, halafu Malaba kwa mpaka wa Uganda. Na safari hii pesa ya kukopea inaangaliwa kwa ule ushuru wa maendeleo ya reli. Huo unaulipa, hata kama hujui. Ulianza 2013, unakatwa kwa bidhaa nyingi zinazoingia nchini. Taa ninayotumia kupigia video, kioo cha simu, vipuri vya nduthi ya buda yako, humo ndani kuna reli. Desemba 2024 ulipanda kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 2. Juni ya mwaka huo tulikuwa tumejaa barabarani juu ya Mswada wa Fedha, kila mtu ghafla ni mtaalamu wa kodi. Desemba tulikuwa tunasafiri ushago. Mpango uliotangazwa 2025 ni kuahidi makusanyo ya miaka ijayo ya ushuru huo ndiyo tupate pesa sasa. Yaani simu utakayonunua ukiwa na watoto, sehemu ya bei yake tayari imepewa mtu.

Labda ni mpango mzuri. Naivasha reli inaishia kama sentensi ambayo haijamaliziwa, na mizigo ya Uganda ndiyo ingeifanya ilipe. Ninaweza kushawishiwa. Lakini nataka kushawishiwa nikiwa na mkataba mkononi, na nataka mwenye kibanda Mai Mahiu, na Narok, na Bomet awe nao pia kabla tingatinga halijafika.

Na si lazima tungoje wanaharakati wa Mombasa watufanyie kazi. Kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Unaandika barua kwa ofisi ya serikali, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, sheria inasema hivyo wazi. Huhitaji wakili, huhitaji kueleza ni ya nini, na kuwasilisha ombi ni bure. Wanaweza tu kukudai gharama ya kutoa nakala. Wana siku 21 za kukujibu.

Niliandika yangu, ukurasa mmoja, Kiswahili. Niliomba vitu vitatu: masharti mapya ya mikopo ya yuan, mkataba wowote wa kipande cha Naivasha kwenda Malaba, na kama kuna shirika letu lolote limeahidi kupeleka mizigo kwa hiyo reli mpya. Mathee alinisomea makosa ya tahajia kabla nitume. Akaniuliza kama nimeandika jina langu kamili, nikamwambia ndiyo, akanyamaza kidogo, halafu akasema nitume.

Leo ni siku ya kumi na nne.