Freni ya kampani na freni ya kwetu

Ku kazi, hakuna mtu anapanda motokari ya kampani mbele ya kuitazama: freni, mataa, mipira, kisha karatasi ya kutia sahihi. Freni ikikuwa mbaya tunakataa, na sendika inasimama nyuma yetu. Ni haki yetu, tuliipigania.

Lakini siku ya posho tukiwa ku nyumba, ginsi gani? Tunatosha pikapu yetu, tunapakia mama, watoto, mifuko ya unga na majirani nyuma, tunashika njia ya Likasi katikati ya malori. Nani alitazama freni? Hakuna.

Wandugu, mwili wa mtu haujui kama motokari ni ya kampani ao ni yetu.

Tunaomba saa moja tu, siku ya posho asubui, mashini ingali baridi. Tuongeze maji ya radiatere. Tupime upepo wa mipira, tukaze buloni za magurudumu. Wakati huu wa vumbi tusafishe filtri ya hewa. Mafuta ya freni yakishuka, tusiongeze tu: plaketi zimekwisha ao kunavuja fasi moja. Na pedali ikifika mpaka chini, motokari ilale, tuite fundi.

Plaketi ni bei, tunajua. Mshahara ni kidogo, na ile tutaendelea kuidai. Lakini tutadai usalama kwa wakubwa wa kazi na uso gani, kama sisi wenyewe tunapandisha watoto wetu ku motokari haina freni?