Klachi Mpya Haizoeshwi kwa Kuchomwa

Klachi ya nguvu, ile inayofungwa mahali pa klachi ya kiwandani baada ya injini kuongezewa tabo kubwa au kuandikiwa programu mpya, huja na ushauri ambao haumo ndani ya boksi lake. Ushauri huo hutolewa gerejini, mara nyingine hata gari halijashushwa kwenye jeki: litoe barabarani, pandisha mizunguko ya injini, achia pedeli kwa kishindo mara kadhaa, iache klachi iungue kidogo mpaka harufu itoke, kisha ipoe. Baada ya hapo, inasemwa, itashika, italainika na kuacha kutetemeka. Wenye Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution wameusikia mara nyingi kiasi kwamba wengi huuhesabu kuwa hatua ya mwisho ya ufungaji. Ni ushauri mbaya. Huua klachi ambayo ingedumu miaka, na ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba huficha kazi iliyofanywa ovyo.

Klachi pleti hubanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Torki inayoweza kupita hapo inategemea mambo manne: nguvu ya springi ya presha pleti, msuguano wa lainingi, umbali wa lainingi kutoka katikati ya shafti, na idadi ya nyuso zinazosuguana. Hesabu hiyo huchukulia kwamba lainingi imelalia chuma uso mzima. Klachi mpya bado haijafika hapo. Flaiwili iliyotoka kuchongwa ina michirizi ya mashine, lainingi nayo ina vilele vidogo, na zikikutana mara ya kwanza zinagusana kwa sehemu tu. Kila pedeli inapoachiwa, vilele hulika kidogo, na chembe za lainingi huganda juu ya chuma kama utando mwembamba. Utando huo ukishaenea, lainingi haisuguani tena na chuma kitupu bali na mabaki yake yenyewe, na hapo ndipo mshiko unapotulia. Kuizoesha klachi ni kazi hiyo, basi. Inataka misuguano mingi iliyo midogo, yenye nafasi ya kupoa katikati. Kabla haijakamilika, uwezo wa klachi uko chini ya ule uliotangazwa na mtengenezaji; ikibebeshwa torki yote ya injini itateleza, na joto la mtelezo huo litaangukia vilele vichache badala ya uso mzima.

Joto lenyewe linaweza kukadiriwa kwa kalamu na karatasi. Gari likiondoka huku injini ikishikiliwa kwenye mizunguko ileile mpaka klachi ishike kabisa, nishati inayogeuka joto ndani ya klachi inakaribia kulingana na nishati ya mwendo ambayo gari limepata kufikia hapo. Tuseme gari lina kilo 1,400, uwiano wa jumla wa gia ya kwanza ni 13.5, na kutoka kitovu cha gurudumu hadi ardhini ni sentimita 31. Likiondoka kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, klachi hushika gari likiwa kwenye kilomita 13 hivi kwa saa, na joto lililozalishwa ni kama kilojuli 9. Likirushwa kwa mizunguko 5,000, klachi hushika kwenye kilomita 43 kwa saa, na joto ni kilojuli 100. Mizunguko imezidi mara tatu na ushei. Joto limezidi mara kumi na moja.

Katika gari linalosukumwa na magurudumu mawili, tairi huteleza mapema na kuikoa klachi. Impreza na Evolution zinashika lami kwa magurudumu yote manne. Tairi zisipokubali kuteleza, lazima kitu kingine kiteleze, na kitu hicho ni klachi. Kwa hiyo ushauri wa kulirusha gari umeshamiri zaidi kwa wenye magari ambayo hayauvumilii hata kidogo.

Lainingi haipitishi joto vizuri, hivyo karibu joto lote huingia kwenye chuma. Nusu ya zile kilojuli 100 ikienda kwenye presha pleti yenye chuma cha kilo tatu na nusu, wastani wa joto la chuma hicho hupanda nyuzi 30 hivi kwa mrusho mmoja. Uso unaosuguana, kabla joto halijasambaa ndani, hupanda zaidi ya hapo. Mirusho kumi ya mfululizo, ndani ya kasha lisilopitisha upepo wa kutosha, inaongeza nyuzi 300 juu ya joto ambalo klachi ilianza nalo. Aliyefunga flaiwili nyepesi ili injini ipande mizunguko haraka amepunguza pia chuma cha kulibeba joto hilo.

Lainingi za ogani ni mchanganyiko wa nyuzi na vijazio vilivyoshikwa pamoja na resini, na resini ikizidishiwa joto huanza kuvunjika na kutoa gesi. Harufu inayosifiwa kuwa dalili ya klachi kuiva ni ya resini hiyo kuungua. Inayobaki juu ya lainingi ni ganda gumu linalong'aa, lenye msuguano mdogo kuliko lainingi nzima. Lainingi za aramidi, zinazojulikana zaidi kwa jina la Kevlar, ndizo zenye hasara kubwa hapa. Zikizoeshwa vizuri ni laini na hudumu, lakini huchelewa kupatana na chuma, na zikichomwa katika siku zao za kwanza huvaa ganda ambalo mara nyingi haliondoki.

Chuma nacho hakibaki salama. Pale ambapo vilele hugusa kwanza, uso wa flaiwili unaweza kupita nyuzi 700 kwa muda mfupi, kisha ukapozwa ghafla na chuma baridi kinachouzunguka. Chuma cha kalibu kikitendewa hivyo hubadilika umbile na kuwa kigumu kuliko jirani zake, na madoa hayo huvimba kidogo. Fundi akifungua giaboksi huyaona kama mabaka ya bluu au meusi. Kuanzia hapo lainingi hupita juu ya mabaka yenye msuguano tofauti na sehemu nyingine za uso, na gari hutetemeka kila linapoondoka. Mtetemo ambao mwenye gari aliambiwa auondoe kwa moto ameutengeneza mwenyewe.

Imani hii ilitoka wapi? Sehemu imetoka kwenye breki. Pedi mpya za breki za mchezo huzoeshwa kwa kufunga breki kwa nguvu mara kadhaa kutoka mwendo mkubwa, na agizo hilo ni halali. Lakini diski ya breki iko nje, upepo unaipiga, na mara nyingi ina mifereji ya hewa katikati. Klachi imefungiwa nyuma ya injini, jirani na moto wa egzosi. Kuchukua utaratibu wa breki na kuupeleka kwenye klachi kwa sababu vyote ni vitu vya msuguano ni kusahau tofauti iliyo muhimu kuliko zote.

Sehemu nyingine imetoka kwenye mashindano. Impreza iliyoendeshwa na Colin McRae ilishinda Safari Rally mwaka 1997, na shabiki anayependa gari kama lile hupenda pia kuliendesha kama lile. Gari la timu ya kiwanda lina mafundi wanaolingojea na vipuri vinavyobadilishwa kabla havijaisha. Hakuna aliyekusudia klachi yake ifikishe miaka mitano. Ni kweli pia kwamba klachi za kaboni za magari ya mbio hufanya kazi vizuri zikiwa moto, na kwamba baadhi ya pleti za chuma cha unga kilichochomwa huja na maagizo ya kupashwa joto kwa kipimo. Maagizo hayo yameandikwa na aliyezitengeneza, yana idadi na muda wa kupoa. Hayahusu klachi ya ogani iliyofungwa kwenye gari la kupeleka watoto shule asubuhi.

Hapo tunafika kwenye mtetemo, ambao ndio unaowafanya watu watamani kuichoma klachi. Gari linaondoka huku likidunda, mara 10 au zaidi kwa sekunde, mpaka kioo cha ndani kinatikisika. Gerejini huambiwa: bado mpya, itazoea. Wakati mwingine ni kweli. Klachi ya ogani yenye mtetemo mdogo hutulia yenyewe utando ukishaenea. Lakini ipo mitetemo ya aina mbili ambayo haitatulia hata gari likiendeshwa mpaka injini ichoke, na hiyo ndiyo inayofukuzwa kwa moto.

Ya kwanza imo katika muundo. Klachi ya kiwandani ina springi bapa zenye mawimbi kati ya lainingi zake mbili, na kazi yake ni kuzifanya lainingi zibanwe polepole pedeli inapoinuka. Katikati ya pleti mna springi nyingine za mviringo zinazomeza misukosuko ya injini. Klachi nyingi zenye vipande vya seramiki, vitatu, vinne au sita badala ya duara zima, zimeondolewa zile springi za mawimbi, na baadhi hazina hata zile za katikati. Seramiki yenyewe hushika kwa nguvu zaidi mtelezo unapokaribia kwisha, kwa hiyo inashika, inaachia, inashika tena. Hakuna kiasi cha kilomita kitakachorudisha springi ambazo hazimo. Mtengenezaji aliziondoa kwa makusudi ili klachi ishike haraka kwenye mbio. Muuzaji anayesema klachi ya vipande sita bila springi italainika baada ya wiki mbili anauza maneno. Majina ya steji 1, 2 na 3 yanayobandikwa klachi hizi hayamsaidii mnunuzi, kwa sababu hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote. Steji 3 ya mmoja inaweza kuwa laini kuliko steji 2 ya mwingine. Cha kuuliza ni lainingi ni ya nini, pleti ina springi zipi, na inabeba torki kiasi gani.

Aina ya pili imo katika ufungaji, na ni ya kawaida mno. Flaiwili ya zamani imerudishwa bila kuchongwa, ikiwa na mabaka ya klachi iliyotangulia. Flaiwili mpya imefungwa bila kufutwa mafuta yake ya kuzuia kutu. Grisi imepakwa kwa ukarimu kwenye meno ya shafti, kisha ikarushwa na mzunguko mpaka kwenye lainingi. Sili ya nyuma ya kreki inavuja, na haikubadilishwa ingawa giaboksi ilikuwa tayari chini. Bolti za presha pleti zimekazwa upande mmoja mpaka mwisho kabla ya upande wa pili kuguswa, pleti ikapinda. Pedeli haina uhuru juu, hivyo beringi inaisukuma presha pleti muda wote na klachi inateleza bila dereva kujua. Mpira wa kushikilia injini umepasuka, na injini yote inarukaruka. Hakuna hata moja kati ya kasoro hizi inayotibika kwa mizunguko 5,000. Moto huzipa kisingizio tu: klachi ikishaungua, lawama humwangukia dereva, na fundi aliyeacha flaiwili bila kuchonga hulipwa mara ya pili kwa kufungua giaboksi ileile.

Njia iliyo sahihi haina mbwembwe, na pengine ndiyo maana haina mashabiki. Watengenezaji wengi huagiza kilomita kati ya 500 na 1,000 za mwendo wa mjini, na makaratasi yaliyomo kwenye boksi yafuatwe kuliko neno la mtu yeyote. Gari liondoke kwa mizunguko ya chini, pedeli iachiwe bila kunyata na bila kukurupuka, gia zibadilishwe kwa utulivu. Tabo isipandishwe mpaka mwisho. Gari lisivute trela wala kusimama mlimani kwa nusu klachi. Hendibreki ipo kwa kazi hiyo.

Mkazo uko kwenye neno mjini. Klachi iliyokwisha kushika haisuguani na chochote, kwa hiyo safari kutoka Nairobi hadi Mombasa, kilomita 480 na zaidi, nyingi zikiwa katika gia ya tano, karibu haihesabiki. Dereva aliyeimaliza safari hiyo akadhani amefika nusu ya njia amezoesha tairi. Foleni ya asubuhi, ile inayolaaniwa na kila mtu, inafanya kazi nzuri kuliko barabara kuu, ilimradi dereva asubiri nafasi ifunguke ndipo aondoke na kuachia pedeli yote, badala ya kunyatia mita moja moja huku mguu ukining'inia. Klachi ikianza kunuka kwenye foleni hiyo, gari liwekwe kando, lizimwe, lipoe. Kilomita zikishatimia, nguvu iongezwe kwa hatua. Klachi ikiteleza katika gia ya juu injini inapokanyagwa, kuendelea kukanyaga hakutaikaza.

Mwenye gari anayeambiwa akaichome klachi mpya ili iache kutetemeka ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kukubali: flaiwili ilichongwa au haikuchongwa, sili ya nyuma ilibadilishwa au haikubadilishwa, na pleti iliyofungwa ina springi au haina. Fundi asiye na majibu asipewe funguo za gari kwa mara ya pili.