Baada ya Saa 72

Manusura wa ubakaji anayefika kituoni ndani ya saa 72 hupewa dawa za kukinga maambukizi ya VVU, za kuzuia mimba na za magonjwa ya zinaa. Vituo vya Mkono kwa Mkono humkutanisha mahali pamoja na tabibu, polisi na ofisa ustawi wa jamii. Ni hatua kubwa. Lakini miaka mitano baadaye mwanamke yuleyule ameolewa, anampenda mumewe, na mwili wake unakataa kuguswa. Huyo hatujamtengea siku wala chumba.

Mimi mwenyewe niliwahi kumwandikia mgonjwa dawa za fangasi mara tatu kwa sababu alilalamikia maumivu wakati wa tendo la ndoa. Mara ya nne ndipo nilipomuuliza iwapo aliwahi kulazimishwa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema alikuwa akilingojea swali hilo tangu siku ya kwanza.

Wenye shida hii huambiwa wavumilie, watazoea, wakizaa yatakwisha. (Nimeyasikia hata kwa wenzangu wenye makoti meupe.) Ushauri huo unadhuru. Kila tendo linalofanyika kwa maumivu huufunza mwili kuogopa zaidi, na misuli ya nyonga hujikaza kabla akili haijatambua. Tiba hufuata njia iliyo kinyume: wenzi hukubaliana kuacha tendo lenyewe kwa muda, wakaanza na mguso ambao manusura ndiye anayeamua uanzie wapi na ukome wapi. Mtaalamu wa fiziotherapia hufundisha kuilegeza misuli. Mwanasaikolojia hushughulikia kumbukumbu na hofu. Huchukua miezi, si wiki. Wanaume waliodhulumiwa nao wanahitaji msaada kama huu, ingawa wao huchelewa zaidi kusema.

Mhudumu mwenzangu, uliza faraghani, kamwe si mbele ya mume. Omba ruhusa kabla ya kupima via vya uzazi, na mgonjwa akisema basi, acha papo hapo.

Nawe msomaji usiyejua pa kuanzia, nenda kliniki ya magonjwa ya wanawake au ya uzazi wa mpango, useme: “Ninapata maumivu wakati wa tendo, na chanzo chake ni jambo nililotendewa zamani.” Hulazimiki kusimulia zaidi siku hiyo. Ukikemewa, omba kuonana na mhudumu mwingine. Ni haki yako, hata kama imepita miaka 20.