Asidi Haimchomi Mtu kwa Bahati Mbaya



Kuna neno moja ambalo tumechoka kulisoma katika fomu za ajali. Neno lenyewe ni "uzembe". Mfanya kazi akimwagikiwa na asidi mguuni, huandikwa uzembe wa mfanya kazi. Akirushiwa usoni, uzembe. Akipoteza jicho, uzembe vile vile. Na pale ambapo hata tajiri mwenyewe anaona haya kuandika uzembe, huandika "bahati mbaya", ama humtwika Mwenyezi Mungu mzigo usiokuwa wake.

Sisi twasema hapana. Asidi ya salfa haina bahati wala haina chuki. Ina kanuni zake, na kanuni hizo si siri mpya. John Roebuck alianza kuitengeneza kwa wingi huko Birmingham, Uingereza, mwaka 1746, ndani ya vyumba vilivyojengwa kwa madini ya risasi. Mwaka 1831 mfanyi biashara wa siki wa mji wa Bristol, Peregrine Phillips, aliandikisha njia ambayo ndiyo msingi wa viwanda vya asidi mpaka leo. Kitu kilichojulikana muda wote huo hakiwezi kuitwa ajabu kila Jumatatu asubuhi kikimchoma mtu. Kwa hivyo tutaieleza asidi yenyewe kwanza, kwani mtu hawezi kudai haki yake juu ya kitu asichokijua, na tajiri anapenda sana tusikijue.

ASIDI NI NINI

Asidi ya salfa hutokana na kiberiti, yale mawe ya manjano ambayo wazee wetu waliyaita kibiriti upele. Siku hizi kiberiti kingi cha dunia hutolewa katika mafuta na gesi yanaposafishwa. Kiberiti huchomwa katika hewa kavu kikatoa gesi yenye harufu ya kukaba koo. Gesi hiyo hupitishwa juu ya dawa ya vanadiamu katika joto la kadiri ya digrii 450, ikajiongezea oksijeni. Haitiwi katika maji moja kwa moja, maana ingegeuka ukungu usioshikika. Huingizwa kwanza katika asidi iliyo kali tayari, kisha ndipo maji huongezwa kwa kipimo. Inayotoka ni maji mazito, yanayoteleza kama mafuta, hayana rangi wala harufu. Ukiyaona ndani ya mtungi usio na maandishi, huwezi kuyajua.

Dunia hutengeneza zaidi ya tani milioni 200 za asidi hii kila mwaka, na zaidi ya nusu yake huenda katika mbolea. Mawe ya fosfeti hayayeyuki upesi katika udongo. Asidi ndiyo huyageuza yakawa chakula ambacho mmea waweza kukila. Mkulima wa Trans Nzoia anapopanda mahindi kwa DAP, ndani ya gunia lile imo kazi ya asidi. Asidi imo katika betri ya kila matatu. Imo katika viwanda vya ngozi, ambako ngozi huloweshwa katika asidi na chumvi kabla ya kutiwa dawa ya kuzifanya zisioze. Yatumika kuondoa kutu katika chuma. Yatumika kutengeneza shabu ya kusafishia maji ya mifereji mijini. Kule Katanga, Kongo, ambako ndugu zetu wa migodini nao husema Kiswahili, asidi ndiyo hutoa shaba ndani ya mawe.

Basi mtu asituambie kwamba kazi hii ni ndogo. Ugali, usafiri, viatu na maji ya kunywa vyapita mikononi mwa watu wanaoshika asidi. Twauliza: mikono hiyo imepewa nini?

KANUNI AMBAZO HATUFUNDISHWI

Kanuni ya kwanza. Asidi kali ikikutana na maji hutoa joto jingi. Maji ni mepesi kuliko asidi, kwa hivyo ukiyamimina juu ya asidi hukaa juu, huchemka palepale, na kuirusha asidi usoni. Ndiyo sababu asidi hutiwa ndani ya maji, kidogo kidogo huku ikikorogwa, wala si maji ndani ya asidi. Kanuni hii yafundishwa kwa sekunde kumi. Kibarua aliyeajiriwa leo asubuhi na kupewa ndoo mbili bila neno lolote, akaungua saa nne, je, mzembe ni nani?

Kanuni ya pili. Asidi ni nzito. Lita moja ya asidi kali ina uzito wa karibu kilo 1.84. Mtungi wa lita 20 si kilo 20, ni karibu kilo 37. Anayemwambia mtu mmoja aubebe begani, apande nao ngazi zilizolowa, amekwisha kuipanga ajali. Kilichobaki ni siku tu.

Kanuni ya tatu. Asidi haikauki kama maji. Hata ile nyepesi ya betri, ambayo asidi yake ni kadiri ya theluthi moja, ikidondoka juu ya nguo, maji ndiyo huondoka na asidi hubaki, ikizidi kuwa kali. Asidi kali hunyonya maji katika kila inachokigusa. Sukari huigeuza makaa meusi, na nyama ya mtu haina heshima kubwa kuliko sukari mbele yake. Kwa hivyo aliyemwagikiwa lazima avue nguo na kuoshwa mara moja, kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 15. Kopo moja la maji halitoshi. Kukimbia kwanza ofisini kutafuta kibali cha kwenda kliniki hakufai. Kwa jicho, sekunde ndizo huamua. Mfereji ulio ng'ambo ya uwanja, tena umefungwa kwa kufuli kwa kuhifadhi maji, si mfereji wa kuokoa jicho.

Kanuni ya nne. Betri zinapochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, na asidi iliyochanganyika na maji ikila chuma hutoa gesi hiyo hiyo. Hewa ikiwa na sehemu 4 tu katika 100 za hidrojeni, cheche moja yatosha kuilipua. Chumba cha kuchaji betri kisicho na madirisha, na fundi wa kuchomelea akifanya kazi mlangoni, ni bomu ambalo tajiri amelitega kwa mkono wake.

HADITHI YA MAZIWA

Sasa tuseme juu ya maziwa. Katika viwanda vingi wafanya kazi wa asidi hupewa paketi ya maziwa kila siku, na huambiwa kwamba maziwa yatazuia sumu. Maziwa ni chakula kizuri, wala hatusemi yaondolewe. Lakini maziwa huingia tumboni, na mvuke wa asidi huingia mapafuni. Hawakutani njiani. Mvuke ule hula meno ya mbele, huwasha macho, hukwaruza koo. Mwaka 1992 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba kuvuta kazini ukungu wa asidi kali wenye asidi ya salfa huleta saratani kwa binadamu, hasa ya zoloto. Dawa ya jambo hili ni mashine ya kufyonza mvuke, vifuniko juu ya matangi, na hewa safi. Paketi ya maziwa ni rahisi kuliko feni. Hiyo ndiyo siri yote ya maziwa.

"HAIWEZEKANI"

Tukidai hayo, jibu huwa moja: haiwezekani, gharama itaua kampuni, nanyi mtakosa kazi. Neno hili ni la kale. Zamani huko Ducktown, katika jimbo la Tennessee, Marekani, kampuni za shaba zilikuwa zikichoma mawe yao na kuachia gesi ya kiberiti angani. Misitu ikafa, mazao ya wakulima yakafa, na gesi ikavuka mpaka mpaka jimbo la Georgia. Georgia ikashitaki, na mwaka 1907 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba jimbo lina haki ya kuzuia moshi ule. Je, kampuni zilikufa? La. Zilijenga viwanda vya kuikamata gesi na kuifanya asidi ya salfa, na asidi ile ikawa mali kubwa kuliko shaba yenyewe. Kilichokuwa sumu kwa mkulima kikawa faida kwa tajiri, lakini hapo tu alipolazimishwa.

Na pale asipolazimishwa? Huko huko Marekani, katika kiwanda cha mafuta cha Delaware City, palikuwa na tangi la kuwekea asidi iliyokwisha tumika, iliyochanganyika na mafuta yenye kushika moto. Tangi lilikuwa limeliwa na kutu mpaka likatoboka. Wakaguzi walitaka lichunguzwe ndani, uchunguzi ukaahirishwa. Wafanya kazi waliandika ripoti ya hatari juu ya matundu yale wiki tatu tu kabla ya msiba. Tarehe 17 Julai 2001 mafundi walitumwa kuchomelea njia ya juu karibu na tangi lile. Cheche ikashika mvuke. Mfanya kazi mmoja akafa, wanane wakaumia, na asidi ikatiririka mpaka mtoni. Hayo yalitokea katika nchi tajiri, yenye sheria na wakaguzi. Ripoti ya wafanya kazi ilikuwa imeandikwa, wala haikutendewa kazi kwa wakati.

Wala hatari haikai ndani ya ukuta wa kiwanda. Mwezi wa Februari 2019 lori la asidi lilipata ajali katika barabara ya kati ya Lubumbashi na Kolwezi, na watu karibu 20 wakafa, miongoni mwao wasafiri wa kawaida. Kwa hivyo dereva na utingo wake ni wafanya kazi wa asidi pia, nao yawapasa kujua walichokibeba.

SHERIA IKO UPANDE GANI

Ndugu, hatuombi hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga yanayofaa, yaani glavu, viatu, miwani na vifuniko vya kichwa, kwa kila anayeshika kitu cha kudhuru. Yataka mitungi ya dawa iwe na maandishi ya kuitambulisha. Mahali penye watu 20 au zaidi lazima iwepo kamati ya usalama, na wafanya kazi wawemo. Tena yasema kwamba mfanya kazi akitoa taarifa ya hatari kubwa iliyo karibu, asilazimishwe kurudi mahali pale hatari ikingali ipo.

Na juu ya neno "uzembe", sikilizeni vizuri. Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini, nayo ya 2007, humnyima mtu fidia kwa ukorofi wa makusudi tu, na hata hapo si kama jeraha limeleta kifo ama ulemavu mkubwa. Kuteleza si makusudi. Kutofundishwa si makusudi. Neno "uzembe" laandikwa ili mjeruhiwa aogope, anyamaze, apokee noti chache katika bahasha na kurudi kijijini. Mtu aliyelemazwa kabisa hupimiwa na sheria mshahara wa miezi 96. Asiuze haki hiyo kwa nauli ya basi.

TUNAYOTAKA

Kwa hivyo tunawaagiza wajumbe wetu wa kila kiwanda wayatie haya katika mazungumzo ya makubaliano yajayo:

1. Asiguse asidi mtu yeyote, awe wa kudumu ama kibarua wa siku, kabla ya kufundishwa kanuni zake kwa lugha anayoielewa.

2. Bomba la maji ya kuogea na la kuoshea macho liwe hatua chache kutoka mahali pa asidi, lisifungwe kamwe, na lijaribiwe kila wiki.

3. Kila mtungi uandikwe kwa Kiswahili na uwe na picha ya hatari. Mitungi mizito ibebwe kwa mikokoteni ama ipigiwe pampu.

4. Pasichomelewe chuma karibu na tangi la asidi wala chumba cha betri mpaka hewa ipimwe na kibali kiandikwe.

5. Fomu ya ajali isijazwe bila mjumbe wa chama kuwapo, na mwanachama asitie sahihi neno "uzembe" juu ya mwili wake mwenyewe.

Kwa mabwana wakubwa watakaoletewa karatasi hii, tuna neno moja. Mnajua bei ya asidi kwa tani, mnajua bei ya mtungi, mnajua bei ya maziwa. Wekeni pia katika vitabu vyenu bei ya bomba la maji, mkailinganishe na bei ya jicho. Kama hesabu hiyo hamtaki kuifanya, sisi tutaifanya nanyi mezani, na tusipoelewana mezani, sheria yatupa njia nyingine nanyi mwaijua.

Na kwenu, ndugu: anayejua kanuni hizi amfundishe mwenziwe leo, kabla ya zamu kuisha. Mjumbe apite na kuangalia mfereji uko wapi, unatoka maji ama la, na ufunguo wake anao nani. Ataleta majibu katika mkutano wa tawi, nasi tutayaandika.

Umoja ni nguvu.